Nafasi Kati ya "Na" na "Mwana"

Yusta mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi ulipokuwa unafunga kanga kwenda Kabanga kumuaga shangazi yako, kwa hiyo hapa siziweki tena. Wala sikuandikii habari za kula, kulala na kushika begi lako kwa mikono miwili. Hayo mama yako amekujaza masikioni wiki nzima, na akisahau moja atakupigia simu. Mimi nina langu moja tu. Nimelisubiri mpaka mmeondoka wote wawili, nimefunga mlango mchana kweupe kama mtu anayepika gongo, nimekaa kwenye meza yako, hapa unapoweka ile mashine yako ya kuandikia.

Unanijua. Baba yako ni mtu wa maneno. Hapa Kasulu ni harusi gani sijashika kipaza sauti? Nimefika Bujumbura, nimefika Uvira, Mwanza nimefika mara nne, na Dar es Salaam nimefika mara moja ila nikisimulia zinakuwa tatu. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini enzi zangu, nikiwa na penseli mkononi, msomi wa chuo nilikuwa namwacha njiani anatafuta kiatu. Hayo umeyasikia mpaka umeyachoka. Tena umeyasikia vizuri mno, na ndiyo maana kesho unapanda basi kwenda kusomea kazi ya kuandika maneno ya watu mahakamani. Umezifuata sifa zangu. Sasa lazima nikuambie kilicho chini ya zile sifa. Ukishakijua, uamue mwenyewe kama utaendelea kuwaambia watu kwamba mkono huu umeurithi kwangu.

Unakumbuka siku ile ya mvua, mwezi uliopita, uliponiambia, "Baba, nisomee kitu haraka haraka, kama wakili aliyechelewa"? Nikakusomea ya kubuni: "Huyu si mama yake. Na nasi tulikuwepo." Wewe ukabonyeza vitufe vyako vitatu vinne kwa pamoja, kama mpiga kinanda wa kanisani, na kwenye kioo ikatoka: "Huyu simama yake. Nanasi tulikuwepo."

Tulicheka mpaka mama yako akaja na mwiko mkononi. Nikasema, "Hakimu atauliza: hilo nanasi limeapishwa?"

Ulipomaliza kucheka ukanieleza, na ulinieleza kama mwalimu. Ukasema mashine haioni nafasi kati ya maneno kwa sababu hata mdomo hauziachi, mtu anaongea kama maji ya mfereji. Ukasema kila pigo unalolichagua lazima lisiwe na pacha, lisifanane na mwanzo wa neno jingine. "Si" yako ilikuwa inakimbilia kwenye "simama" na "sikia", kwa hiyo umeiongezea kitufe kimoja, sasa inasimama peke yake.

Nikakuuliza, "Na hiyo 'na' je?"

"Hiyo naiacha ijiunge na neno linalofuata, Baba. 'Na' iko kila mahali. Nikiipa pigo lake napoteza kasi. Itaeleweka tu kwenye sentensi."

Nikaacha kucheka. Ukaniuliza nimekuwaje, nikasema moshi wa jikoni umeniingia machoni, nikatoka nje. Jiko lilikuwa bado halijawashwa.

Itaeleweka tu. Yusta, maneno hayo niliyasema mimi kabla hujazaliwa, kwa sauti hiyohiyo na kwa raha hiyohiyo ya mtu anayejua kwamba mkono wake una mbio.

Hati mkato nilifundishwa Kibondo na Bi Zuhura, mke wa mwenye duka la vitambaa na chumvi. Kabla ya kuolewa alikuwa karani wa ofisi huko kwao Tanga. Mimi nilikuwa kijana wa kupakua magunia dukani kwake. Siku moja akaniona naandika mzigo ukutani kwa mkaa, akasema, "Wewe kijana una mkono. Akili sijui, lakini mkono unao." Tangu siku hiyo, wateja wakipungua, alinikalisha juu ya gunia la chumvi na kunifundisha vile vistari na vindoano.

Ile hati ilitengenezwa kwa Kiingereza, lugha ambayo, nasikia, ukiitoa irabu bado inatambaa. Kiswahili ukikitoa irabu unabaki na mifupa. Bi Zuhura aliniandikia alama moja, akaniuliza nisome. Nikasoma: "Baba."

"Kwa nini isiwe bibi? Kwa nini isiwe bubu?"

Nikaitazama tena ile alama.

"Baba, bibi, bubu. Mifupa ni ileile, mwanangu. Nyama unaiweka wewe. Sasa ole wako uweke nyama ya bubu kwenye mifupa ya baba."

Na kuhusu "na" alikuwa mkali kuliko kuhusu kitu kingine chochote. Alisema "na" ni neno, dogo lakini ni neno, lina kiti chake. Iandike, inua mkono, ndipo uandike linalofuata. "Mkono usipoinuka," alisema, "wewe si mwandishi, ni fundi cherehani. Unashona."

Nilimsikiliza mwaka mmoja. Halafu nikawa hodari kuliko yeye, au nilijiona hivyo. Nikajiundia njia yangu: badala ya kuinua mkono, "na" nikaigeuza kimkia kidogo mbele ya neno linalofuata. Nikaiita mkia wa mjusi. Nilipomwonyesha hakucheka. Akaniuliza, "Na ukikuta neno ambalo limezaliwa na mkia?" Nikamjibu lile jibu letu, langu na lako.

Nilipata ukarani wa kijiji kimoja huko nyuma, kabla hujafika Kibondo. Jina la kijiji nitakuambia kwa mdomo ukirudi, sipendi kuliandika. Karani mwingine yeyote angeandika kwa maneno kamili, pole pole, watu wamsubiri. Mimi hapana. Mimi niliandika huku nachezesha nyusi. Watu walikuja kwenye baraza wakiwa hawana kesi, wanakuja kuangalia penseli.

Mwaka ule, jioni moja, iliungua nyumba ya bibi mmoja mjane, Nyanzobe, naye akafa humo ndani. Ilikuwa nyumba ya nyasi na kiangazi kilikuwa kikali. Leo najua kwamba ni moto wa jikoni kwake tu. Lakini Waha tunajijua, kifo hakiji hivihivi, lazima kiwe na mtu. Waliokuwa mbali walisema walisikia bibi akilia. Jirani wa karibu alikuwa mmoja tu, Bukuru, mtu wa watu waliotoka Burundi zamani. Alikuwa na shamba, mizinga ya nyuki, mke na mtoto mmoja wa kike wa miaka minane, Keza. Na kijijini wakaanza: mbona Bukuru hakutoka?

Ndiyo, Bukuru huyohuyo. Mzee Bukuru wa asali, hapo sokoni. Kaa chini kama umesimama.

Akaitwa ofisini. Tulikuwa watu watano: mwenyekiti, wazee wawili, Bukuru na mimi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza siku hiyo, bati linapigwa mpaka unasikia meno yako. Mwenyekiti akauliza alikuwa wapi nyumba ilipokuwa inawaka. Bukuru Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, na alijibu akiangalia chini. Mwenyekiti hakusikia. Akanigeukia, "Karani, umepata?"

Nikasema, "Nimepata kabla hajasema, Mwenyekiti."

Wazee wakacheka. Hata Bukuru alitabasamu, kwa adabu.

Sasa nisikilize vizuri. Mke wake siku ya moto alikuwa ameenda kambi ya wakimbizi ya Mtabila kuwaona ndugu zake, na Keza alikuwa anaumwa tumbo. Bukuru alisema: "Nilikuwa kwangu n'umwana analia. Sikutoka." Kwa Kiha chetu, na kwa Kirundi chake pia, ndivyo tunavyosema, "n'umwana", pumzi moja, "na" imemezwa na mwana. Nilikuwa kwangu na mwana, analia. Mtu aliyebaki na mtoto mgonjwa, basi.

Mimi mkono haukuinuka. Nikaweka mkia wa mjusi, nikaendelea.

Siku ya tatu nikakaa kuandika kwa maneno kamili. Nikafika hapo. Nikaona n, na mw, na n, vimeshikana, kitu kimoja. Sauti yake sikuikumbuka tena, nilikuwa na mifupa tu. Nikaitazama sentensi ili inieleweshe, na sentensi ikanielewesha: moto unawaka, bibi analia, jirani yuko kwake. Nikaweka nyama: "Nilikuwa kwangu namwona analia. Sikutoka."

Uisome tena, Yusta. Namwona analia. Sikutoka.

Jumapili baraza likakaa uwanja wa shule. Nikasimama kwenye dawati nikasoma kwa sauti yangu ya harusi. Nilipofika kwenye "namwona analia" nilishuka sauti, nikatua kidogo, maana nilijua ni penyewe. Nilipaona pazuri! Watu wakaguna kama ng'ombe. Mwanamke mmoja akajifunika uso kwa kitenge.

Mwenyekiti akamuuliza Bukuru, "Ndivyo ulivyosema?"

Bukuru akasema, "Ego. Ndivyo."

Alikuwa anasema kweli. Sikio lake la Kirundi lilisikia alichokuwa nacho moyoni. Nilisema "namwona", yeye akasikia "n'umwana". Akaweka dole gumba la wino chini ya maandishi yangu, akasimama ametulia, kama mtu aliyemaliza jambo. Kelele zilipopanda ndipo akashtuka, akaanza kupiga ukelele, "Umwana! Umwana!" Tukadhani anaomba ahurumiwe kwa sababu ana mtoto. Nami niliandika hilo pia. Kwenye daftari lipo: mshtakiwa anaomba huruma.

Wakamtenga mwaka mmoja. Wewe umekulia mjini, hujaona kutengwa. Hupigwi, hufungwi. Hupewi moto wa kuwashia jiko, husalimiwi, shambani unalima peke yako, na ukiwa na mgonjwa hakuna anayekuja kushika ingobyi. Ingobyi ndiyo ile machela ya kijiji. Kila nyumba inatoa bega, wanaume wanne wanabeba na wanne wanapokea, mpaka barabarani. Hata adui yako ukiumwa anakubeba, halafu mnaendelea kuchukiana ukipona. Kuikatalia nyumba ingobyi ni kuiambia haina watu.

Keza tumbo lilirudi mwezi wa tatu wa kutengwa. Lilivimba, mgongoni hakubebeka.

Mimi siku hiyo nilikuwa Kabanga kwa shangazi yako. Asubuhi nikatoka kwenda kutafuta sabuni, nikawaona wanakuja na barabara kutokea lilipowashusha lori, Bukuru mbele, mkewe nyuma, ingobyi katikati. Watu wawili tu. Mabega ya yule mama yalikuwa yametoka damu. Nikawakimbilia, si unajua mimi, nikashika mti upande mmoja, nikasema, "Twende, hospitali ni hapa tu."

Bukuru akasema, "Pole pole, Karani. Amekwisha lala."

Nikatazama. Hakuwa amelala.

Tukaweka chini. Mkewe akakaa barabarani, miguu ameinyoosha. Bukuru akaniangalia, si kwa hasira, kama mtu anayeuliza njia. Akasema, "Niliwaambia. Nilikuwa n'umwana. N'umwana analia."

Hapo ndipo niliposikia. Barabarani pale hapakuwa na bati wala mvua.

Nilirudi kijijini kwa baiskeli ya kuazima, sikumbuki hata njia. Nikafungua daftari. Ule mkia ulikuwepo, mzuri, mwembamba, umeshikana na mwana kama kupe. Hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha unywele. Yusta, mimi nilimtoa yule mtoto kwenye maneno ya baba yake, na alipotoka kwenye maneno hakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Ningeweza kwenda kwa mwenyekiti siku ileile. Ilikuwa ni kusema neno moja: nilikosea. Nilishalisema kichwani mara nyingi, hata nilishaliandaa na mzaha wake. Lakini wiki ile nilikuwa nimeitwa Kasulu kwa kazi ya ofisi, mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyenisifia. Nikajiambia mtoto hatarudi. Nikajiambia nikifika Kasulu nitaandika barua. Nilichofanya ni kuhama na daftari lile ndani ya blanketi, nikaoa, nikakupata wewe, na nikaanza kusimulia kuhusu mkono wangu. Ulikuwa unakaa magotini kwangu unasema, "Baba, niandikie jina langu kwa vindoano." Nilikuandikia. Mkono ulikuwa unainuka siku hizo, kila mahali. Umechelewa kujifunza adabu.

Bukuru alikuja huku baada ya miaka kadhaa. Mkewe alikuwa amewafuata ndugu zake waliporudishwa Burundi. Nilimwona sokoni na ndoo ya asali, nikajificha nyuma ya mitumba. Siku ya pili nikaenda, nikanunua, sikuomba apunguze. Tangu hapo nyumba yetu haijaishiwa asali. Hukuwahi kuuliza kwa nini, na mama yako anadhani ni kifua changu. Yeye pia hajui. Atajua leo.

Na unajua watoto wa sokoni wanamwitaje. Bubu wa Asali. Anauza kwa vidole, chupa kubwa, chupa ndogo. Sauti yake umeisikia wewe peke yako, anapokwambia "mwana wanje", yaani mwanangu, na kukupa kipande cha sega. Nilimkuta baba, nikamwacha bubu. Bi Zuhura aliniambia mifupa ni ileile.

Nimesimama hapa, Yusta. Nimeandika yote hayo na bado ni maneno tu, na maneno mimi sikosi. Daftari liko mbele yangu. Naenda sokoni. Nikirudi nitaendelea, na kama sitaendelea utajua baba yako ni mtu wa namna gani.

*

Nimerudi.

Alikuwa anafunga. Aliponiona akainua vidole viwili, chupa ndogo au kubwa?

Nikasema, "Sikuja kwa asali, Mzee Bukuru. Nimekuja na daftari la baraza."

Akaketi juu ya ndoo. Nami nikakaa chini, kwenye maganda ya ndizi, suruali hii ya kaki unayoipenda. Nikamuuliza, "Siku ile ofisini ulisema nini?"

Akasema, "N'umwana analia."

"Na. Mwana."

"Ego."

"Mimi nilisoma 'namwona'. Namwona bibi analia. Watu walisikia hivyo. Ni mimi. Wewe ulisema sawa."

Nikafungua ukurasa, nikamwonyesha kile kimkia. Hajui kusoma hata herufi za kawaida, achilia mbali vindoano. Akainama. Akaweka dole gumba lake juu ya alama, lilelile aliloweka uwanjani.

"Keza yuko hapa?"

"Hapo ndipo alipotakiwa kuwa."

Akaliacha dole pale. Mama mmoja akapita akatania, "Leo Bubu anaongea na Karani, mvua itanyesha!" Akaenda zake.

Nilikuwa nimejiandaa anipige. Nilitaka anipige, nikwambie kweli. Badala yake akasema, pole pole, Kiswahili chake kimeota kutu: "Mimi nilijua ni mdomo wangu. Nilisema, Kiswahili changu kibaya ndicho kimeua mwana. Nikasema, basi, nisiongee tena."

Yusta, kifo cha Keza nimekibeba miaka yote hii na nilifikiri najua uzito wake. Hili la leo sikulijua. Kila siku niliyonyamaza mimi, yeye alikuwa anaufunga mdomo wake kwa kosa langu. Nilikuwa nanunua asali kwa mtu aliyekuwa anajihukumu mbele yangu, na hukumu nilikuwa nayo nyumbani kwenye blanketi.

Nikaanza kusema samahani. Akainua mkono.

"Ulisoma wapi?"

"Uwanja wa shule."

"Ukasome palepale. Kwa sauti ileile."

"Nitakwenda, Mzee."

"Kesho. Na mimi nakwenda. Nisikie."

Nikasema, na nakwambia kama nilivyosema ili usije ukanidhania mwema, "Kesho Yusta anasafiri. Ni mwanangu wa pekee. Twende keshokutwa."

Akanitazama mara ya kwanza tangu nikae chini. "Keza naye alisafiri," akasema. "Hakuna aliyekuja."

Basi ni kesho. Gari la Kibondo linaondoka kabla ya basi lako. Sitakuwepo stendi, mwanangu. Sitakubebea begi, sitamtania kondakta wako, sitakimbia nyuma ya basi na kofia kama nilivyokuwa nimepanga, maana nilikuwa nimepanga upuuzi mwingi. Watu wa kule sijui watanifanya nini. Wengi waliopiga kelele siku ile bado wapo, na hakuna anayependa kuambiwa kwamba bega alilolinyima lilikuwa deni la mtoto. Mama yako nitamweleza leo mkirudi, wewe ukiwa umelala. Wewe nakuwekea barua hii ndani ya mfuko wa mashine, kwa sababu najua huwezi kukaa siku mbili bila kuifungua.

Sikuambii usiende. Nenda. Kazi hiyo inataka mtu, na kosa langu halikuwa kazi, lilikuwa mbio. Nilipenda zaidi watu wauone mkono wangu kuliko kumsikia aliyekuwa anaongea. Wewe una sikio la mama yako. Ila ile "na", Yusta, ile "na" yako ipe pigo lake. Ikupotezee kasi. Wakucheke darasani, wamalize kabla yako. Huko utakutana na mtu ameinamisha kichwa, Kiswahili cha kuokota, mvua inapiga bati, na hakimu atakuuliza umepata? Kama hujapata, sema hujapata. Mimi sijawahi kukiri hivyo maisha yangu yote mpaka leo saa tisa, nimekaa kwenye maganda ya ndizi.

Nilipoinuka kuondoka akaniita. Akanipa chupa kubwa, imefungwa kwa mfuniko na nta juu yake.

"Ya mwana," akasema. "Wewe usiionje."

Iko hapa mezani kando ya mkono wangu. Tone moja limechirizika nje, nimelifuta kwa kitambaa, na kitambaa nimekiosha. Asubuhi utaikuta juu ya begi lako. Sasa unajua imetoka wapi na kwa nini mimi sitii kidole.

Ukifika, kabla hujamwandikia mtu mwingine yeyote, kaa na ile mashine uandike sentensi moja. Usiifanyie haraka. Nilikuwa kwangu na mwana analia. Itazame kwenye kioo. Kama nafasi ipo pale kati, ipige picha unitumie. Nitamsomea Mzee Bukuru.

Na kama haipo, inua mkono, uanze upya.

Mimi ni baba yako, ukinitaka,

Karani